Mama Zahara, chomoa chaja kwanza

Nkuhungu, Dodoma
Jumatano usiku

Mama Zahara, shoga yangu,

Mbukwenyi! Habari za Kondoa, na wanangu hawajambo? Shemeji karudi safari? Huku wazima, ila upepo. Unaijua Dodoma ya Agosti, ukianika nguo asubuhi, saa sita unazianua zina vumbi kuliko ulivyozikuta kwenye tenga. Mama bado anakuulizia. Ule mkeka wako kautandika sebuleni na hataki mtu aukanyage na viatu.

Salamu nimezikata kwa sababu nina jambo. Nimekupigia mara nne naambiwa simu inatumika, nikaona niandike yote. Lakini kabla hujaendelea kusoma, inuka, chomoa chaja ya laptopu, izime kabisa, itoe kitandani. Iweke sakafuni kwenye saruji, mbali na nguo na mapazia, watoto wasiifikie. Ukimaliza, rudi usome.

Ni ile picha uliyonitumia juzi, Zahara kalala na wewe unamalizia maswali ya mtihani. Kwanza nilifurahi, mtoto kakumbatia mto vilevile ulivyokuwa ukilala hosteli. Halafu nikaikuza. Laptopu iko juu ya godoro, waya wa chaja umepita miguuni kwa mtoto, chandarua kinaning'inia juu ya vyote. Na pale chini ya kibodi, pa kutelezeshea kidole badala ya mausi, upande mmoja umenyanyuka. Nikaikuza tena mpaka picha ikapoteza sura. Umenyanyuka, shoga yangu. Hiyo ni betri imevimba.

Najua kwa sababu yangu mwaka jana ilianza hivyohivyo. Pale pa kidole pakawa pagumu, ukibonyeza hapabonyei, nikadhani ni vumbi. Baada ya wiki mbili nikiiweka mezani inayumba, kona moja haigusi meza. Nikakunja karatasi nikaipachika chini, nikaendelea kujaza ripoti za wanafunzi. Nilipompelekea fundi Hamisi pale Majengo hakusema neno. Alifungua skrubu mojamoja, na alipoitoa ya mwisho mfuniko ulijifungua wenyewe. Betri ambayo ingekuwa bapa kama rula ilikuwa imeumuka kama andazi, ganda lake limekaza mpaka linang'aa. Nikanyoosha kidole niiguse, akanishika mkono. Aliinyanyua kidogo kidogo kwa kipande cha plastiki, akaibeba kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba yai, akaenda kuilaza kwenye ndoo ya mchanga nje ya kibanda. Ndipo nikamwona anapumua.

Alinieleza, na mimi nakueleza wewe. Ndani ya hizi betri za lithiamu kuna kimiminika. Betri ikikaa na joto sana, au ikizeeka, au ikikaa imejaa chaji muda wote, kile kimiminika kinaharibika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, ndiyo maana inavimba. Mle ndani kuna matabaka membamba ambayo hayatakiwi kugusana. Ukiitoboa au ukiibonyeza irudi chini, yanaweza kugusana na moto ukawaka papo hapo, na moshi wake una sumu. Kuna watu watakuambia itoboe hewa itoke. Usithubutu, na usimruhusu yule kijana wa kurekebisha redio hapo kwenu ajaribu.

Tena usifanye kosa la kumpa konda wa basi ailete Dodoma kama mzigo. Itabanwa na magunia na kurushwa huko chini. Hamisi mwenyewe anakuja Kondoa Jumamosi, arusi ya binamu yake, na amekubali kubeba bisibisi zake. Anachotaka ni picha ya kile kibandiko cha chini ya laptopu chenye namba ya modeli, aitafute betri ya aina hiyo kabla hajapanda gari. Igeuze taratibu, piga picha, irudishe ilipokuwa. Yangu niliibadilisha kwa shilingi 95,000. Kama mfuko umebana tutaongea. Nina hela ya kikoba inatoka mwisho wa mwezi.

Sasa niache niseme la godoro, maana betri mpya nayo ukiirudisha kitandani tutaandikiana tena. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa matundu ya chini na kuitoa ikiwa ya moto pembeni. Kwenye godoro au blanketi matundu yanazibwa, feni inapiga kelele na joto lote linabaki ndani, kwenye betri. Nadhani hata hili jina la kompyuta mpakato limetuponza, tumeipakata kama mtoto. Mwenzetu yule anayeitwa Sikujua aliipakata jioni zote alipokuwa anaandika utafiti wake, mapaja yakatoka madoa mekundu kama nyavu, na daktari alimwambia ni joto la mashine. Iweke kwenye kitu kigumu, hata sinia au ubao wa kukatia mboga. Na vumbi letu hili! Kwenye feni yangu Hamisi alitoa utando mzito kama kipande cha blanketi. Watengenezaji wengi wanataka itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na wewe unakijua chumba chini ya bati saa nane mchana mwezi wa Oktoba.

Kuhusu chaji, najua kwa nini unaiacha imechomekwa usiku kucha. Unaogopa umeme ukatike kesho una kazi. Hata mimi nilikuwa hivyo. Siku hizi nikiona imefika 80 nachomoa, na siiachi ishuke chini ya 20. Jumapili nikijua kesho kuna mtihani ndiyo naijaza mpaka juu. Baadhi ya mashine zina mpangilio wa kuizuia isivuke 80. Hamisi atakuangalizia kama yako inao.

Na hiyo shingo unayoilalamikia tangu Pasaka, unayoipaka dawa ya kuchua. Kwenye picha ileile nimeiona sababu. Umejikunja, kidevu kimegusa kifua. Mimi nimeinyanyua laptopu juu ya sanduku la mbao la zabibu, ukingo wa juu wa kioo uko sawa na macho yangu, nikanunua kibodi na mausi vya pembeni ili viwiko vikae mezani bila kunyanyua mabega. Wiki ya kwanza niliona kero. Wiki ya tatu nililala bila maumivu. Kila baada ya dakika 20 nainua macho nautazama mwarobaini wa jirani, macho yapumzike kuona mbali kidogo. Lakini hilo la shingo linaweza kusubiri. La betri haliwezi.

Jambo jingine, kabla Hamisi hajafika usiiwashe hata kidogo. Yale maswali ya mtihani, kama hukuyatunza mahali pengine, yataandikwa upya kwa mkono nikusaidie kuyachapa huku. Yangu yote yapo kwenye flashi mbili, moja shuleni, moja kwa mama kabatini. Ningependa wewe pia... basi, tutaongea.

Niambie: tangu lini pale pa kidole palianza kunyanyuka? Ikiwa mezani inayumba? Umewahi kusikia harufu kali tamutamu kama ya rangi ya kucha? Ukiisikia usikae nayo chumbani, watoe watoto nje kwanza. Chaja unayotumia ni ileile iliyokuja nayo, au ni ile uliyoazima kwa Mwalimu Chande? Zahara analala kitanda hicho kila siku, au ni siku ile tu? Shemeji anajua? Na Jumamosi utakuwepo nyumbani saa ngapi, nimwambie Hamisi apitie kabla ya arusi?

Yote utanijibu kwa nafasi yako. Usiku huu niandikie neno moja tu, "nimechomoa". Simu iko mkononi na silali mpaka nilione.

Wako,
Mama Meshaki