Geti la reli Mutindwa lisingoje maafa mengine

Mhariri,

Kila nikifika kivuko cha reli cha Mutindwa moyo huniruka. Hapo ndipo Oktoba 2013 treni ya abiria iligonga basi asubuhi, watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Juzi nikisubiri kuvuka nilimwona mama, mtoto mgongoni, akikimbia mbele ya treni huku honi ikilia mfululizo. Nyuma yake matatu ilikuwa imekwama kwenye foleni, magurudumu ya nyuma hatua chache tu kutoka relini. Nilishindwa kutazama.

Tangu 2013 bidhaa zinazoingia nchini hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, na gharama yake inatufikia sisi dukani. Naliomba Bunge litenge fungu la ushuru huo kwa usalama wa treni za abiria Nairobi: mageti yanayojifunga treni ikikaribia, taa, kengele, na mitambo ya kusimamisha treni dereva akipitiliza taa nyekundu.

Wengine walisubiri wakajuta. Mwaka 2008 treni mbili ziligongana Chatsworth, Los Angeles, watu 25 wakafa. Dereva alipitiliza taa nyekundu akiwa katika shughuli ya kutuma ujumbe kwa simu. Marekani ikapitisha sheria ya mitambo hiyo mwaka huo huo, lakini kuifunga kukachukua hadi 2020. Miaka 12! Nasi tukianza bajeti ijayo bado tumechelewa. Kazi ianzie Mutindwa.

Mkazi wa Umoja,
Nairobi