Kuchemsha maji hakuondoi naitreti

Mhariri,

Kila mvua zikianza tunahimizwa kuchemsha maji ya kunywa, na ni sawa kabisa, kipindupindu hakina utani. Lakini sisi wa Dar es Salaam tunaotegemea visima tumeachwa tuamini kuwa maji yakichemka basi yamekuwa salama. Kwa naitreti, kemikali yenye nitrojeni inayoyeyuka majini, ni kinyume: maji hupungua kwa mvuke, yenyewe hubaki yote sufuriani. Vidonge vya klorini haviigusi. Haina rangi wala harufu.

Inatoka chooni. Mitaa mingi haina mabomba ya majitaka, choo cha shimo na kisima vimo ndani ya ua mmoja, na mchanga wetu huu hauzuii kitu. Watafiti wamekuta naitreti nyingi kupita kiasi katika visima vifupi vya jiji hili. Na Mto Ruvu, unaotuletea maji ya bomba, ukipungua, kama mwishoni mwa 2022, tunarudi visimani.

Anayedhurika haraka ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo. Tumboni naitreti hugeuka naitriti, inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, midomo na kucha zinakuwa za bluu, na asipowahishwa hospitali anaweza kufa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Anayenyonya tu yuko salama zaidi, hata kama mama anakunywa maji hayo. Kwa watu wazima, utafiti wa Denmark wa 2018 uliohusisha watu milioni 2.7 ulihusisha naitreti na saratani ya utumbo mpana, tena chini ya kikomo hicho, ingawa wataalamu bado wanabishana.

Jiji la Des Moines, Marekani, ambako mbolea za mashambani ndizo zinazochafua mito, wana mtambo wa kuchuja naitreti tangu miaka ya 1990. Juni 2025 ulizidiwa, wakazi wakakatazwa kumwagilia nyasi za majumbani. Mtambo huo ni ghali, siuombi. Naomba kipimo. Kila kioski cha maji ya kisima kibandike kiwango cha naitreti na tarehe ya kupimwa, pale pale penye bei ya ndoo. Na kliniki, mama anapopimiwa mtoto uzito, aulizwe maji ya kukorogea maziwa anachota wapi.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam