Gari imetoka ovaholi inawaka kwa shida: "ringi hazijakaa" si jibu

Umeshusha injini kwa ovaholi (kuifungua yote na kuitengeneza upya), umelipa spea, umelipa fundi, umelipa na waliochonga hedi (kichwa cha injini), halafu gari inawaka kwa kubembelezwa. Kwenye foleni ikiwa D, usukani unatetemeka mpaka sarafu za kwenye dashibodi zinalia. Ukirudi kwa fundi unaambiwa, "Bosi, ringi bado hazijakaa, tembea nayo kwanza." Unatembea nayo mwezi mzima na mtetemo uko palepale.

Ni kweli ringi mpya (zile pete za chuma zinazozunguka pistoni) zinahitaji muda kukaa kwenye silinda. Katika muda huo injini inaweza kula oili kidogo na kuwa nzito kidogo kuzunguka. Lakini ringi mpya haziifanyi silinda moja imisi (ikose kuwaka) wakati nyingine tatu zinapiga kazi. Gari ikitoka ovaholi inamisi, basi kuna kitu kimefungwa vibaya, kimesahaulika au hakikupimwa, na kilometa hazikirekebishi.

Tuchukue mfano wa Toyota 1NZ-FE, ile ya 1500 iliyo kwenye IST nyingi na Probox, maana ndiyo inayotujia zaidi hapa gereji. Kabla ya geji yoyote tunasikiliza stata. Ikizunguka kwa uzito, tunaanza na betri na waya wa ethi kati ya injini na bodi. Huo waya husahaulika sana injini inaporudishwa. Ikizunguka haraka na nyepesi kana kwamba plagi zimetolewa, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) haipo. Ikikohoa kurudi nyuma kwenye njia ya hewa, tunashuku taimingi (valvu, yaani milango ya hewa na moshi, kufunguka kwa wakati wake): cheni imeruka jino, au pingili zake za rangi hazikulinganishwa na alama za gia. Mara nyingi mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari nayo itatoa kodi ya P1346 au P0016.

Kisha kompresheni, plagi zote zikiwa nje na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Kwa injini hii kipimo kizuri ni kama 213 psi (kipimo cha shinikizo), cha chini kabisa 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 15. Silinda moja ikiwa chini tunatia oili kidogo ndani na kupima tena. Ikipanda, hapo tutazungumza habari za ringi. Isipopanda, tatizo liko juu: valvu au gasketi ya hedi.

Na kwa gari zinazotoka ovaholi, valvu ndizo zinazotusumbua kuliko kitu kingine. Valvu ikisagwa inazama zaidi kwenye kiti chake, shina lake linapanda, na nafasi kati ya kamu (shafti inayosukuma valvu) na tapeti (iliyo juu ya valvu) inapungua. Tapeti za 1NZ hazina skrubu ya kurekebisha. Ni vikombe vya chuma vyenye unene unaopishana kwa 0.02 mm, na ukitaka kubadili nafasi unabadili kikombe chenyewe. Injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza zinatakiwa kuwa na nafasi ya 0.15 hadi 0.25 mm, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Sasa hebu fikiria vikombe vyote 16 vimetumbukizwa kwenye beseni moja la petroli, vikaoshwa pamoja, kisha kila kimoja kikarudi popote kilipoangukia. Hedi za namna hiyo tunaletewa. Ukipitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi), valvu moja ina nafasi ya kupita kiasi na jirani yake haina kabisa, maana yake haifungi. Injini inawaka kwa shida, inatetemeka ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), ukikanyaga mafuta inatulia kidogo, na mteja anaridhika kuwa "ikichanganya iko poa". Tapeti inayogonga angalau unaisikia. Iliyobana iko kimya kabisa, na hiyo ndiyo inayounguza valvu.

Kompresheni ikiwa sawa, tunafuata hewa. Gasketi ya manifoldi (mabomba ya hewa inayoingia) iliyorudishwa ile ya zamani, au mpira mdogo wa vakyumu uliobaki ukining'inia, hupitisha hewa ambayo sensa haikuihesabu. Mashine itaandika P0171, kodi ya hewa kuzidi mafuta. Tunapulizia kisafishio cha kabureta kidogo kidogo kwenye maungio, injini ikiwa bado baridi. Sailensi ikibadilika ghafla, tundu ni hapo.

Jambo moja tu linahitaji subira. Betri ikikaa imetolewa siku nyingi na throto (mlango wa hewa ya injini) ikasafishwa, kompyuta ya gari hupoteza vipimo vyake vya sailensi. Iache iungurume mpaka ipate moto, bila AC, kisha iendeshe kawaida. Kama bado inazima kwenye taa baada ya hapo, rudi kwenye vipimo.

Tunachokuomba: usipige stata mfululizo. Sekunde kumi, pumzisha. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi mpya zinasuguana zikiwa kavu. Plagi zikilowa, kwenye Toyota nyingi za EFI (mafuta yanapuliziwa kwa noseli, si kabureta) ukikanyaga pedali mpaka chini huku unapiga stata, noseli hukata mafuta na silinda zinajipuliza. Na usikubali mtu akupandishie sailensi ili mtetemo ufichike.

Wenye Hiace za dizeli, 3L na 5L, kwenu huwa ni hewa kwenye njia ya mafuta, plagi za moto au taimingi ya pampu. Tunaipima pia, ila hiyo tutaieleza siku yake.

Ukija kwetu na gari iliyofunguliwa gereji nyingine, njoo na risiti za spea, karatasi ya waliochonga hedi kama ipo, na vyuma vya zamani kama hujavitupa. Hatutaifungua injini kabla hujaona namba za kompresheni kwa macho yako. Gari iletwe jioni ilale hapa, kwa sababu nafasi za valvu tunazipima asubuhi, kabla haijawashwa.