Picha Iliyomo Kwenye Bahasha

Mikindani, Mtwara
Ijumaa, baada ya magharibi

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, mvua bado ila joto limeshatangulia. Ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili mbele ya shemeji yako, tukacheka wote pale uliposema nimerogwa na Wamakonde. Ningekujibu kwa simu, lakini kuna kitu nilitaka ukishike mkononi. Kabla hujakitoa, nawa kwanza. Nakujua, barua utaisoma huku unakula.

Umeitoa? Basi huyo ni fundi mashua wa hapa ufukweni. Picha hiyo haijapita kwenye kompyuta wala haikukuzwa. Filamu yenyewe ina ukubwa huohuo, inchi 4 kwa 5. Niliilaza juu ya karatasi ya kusafishia picha, nikaikandamiza kwa kioo nilichokichomoa kwenye fremu, nikawasha kibalbu cha bafuni sekunde chache, nikazima. Mashine ya kukuzia sina wala siitafuti. Sasa mtazame tezo lake, pale makali yalipolika upande mmoja. Tazama na nyuzi za kalafati zinavyoning'inia ubavuni mwa mashua, unaweza kuzihesabu.

Umeniuliza kwa nini nimeuza kamera moja ya dijiti na lenzi mbili "nikanunue makopo ya mkoloni". Hilo lina hadithi yake.

Mwaka jana msimu wa korosho, unajua tena, pesa zikiingia watu wanaoa. Nilipiga harusi moja nikarudi na picha 2,300. Siku tatu nachagua, macho mekundu. Nikawakabidhi kazi kwenye flashi, wakanilipa, tukaagana vizuri. Miezi mitatu baadaye nikapita pale nyumbani, mama wa bibi harusi akanikaribisha chai. Ukutani, kwenye msumari, katikati ya kalenda na picha ya marehemu mumewe, ameitundika ile flashi kwa kamba yake. Kompyuta hana. Ameambiwa harusi ya mwanawe imo humo, akaiweka mahali picha zinapowekwa. Sikumcheka, swahiba. Chai ilinishinda.

Ndipo nikaitoa kabatini kamera ya marehemu mjomba, Yashica Mat 124G, ile ya macho mawili unayoichungulia kwa juu. Mkanda wa 120 unakupa picha 12 tu za mraba, lakini kila moja ina eneo zaidi ya mara tatu ya picha ya mkanda mdogo tuliouzoea kule studio tulikoanzia. Shata ilikuwa inakwama kwenye spidi za chini, nikaipeleka kwa fundi saa akaisafisha. Kwenye kioo chake kushoto ni kulia: mtu akipita, mkono unamfuata upande usio wake. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mlevi anayefunga viatu.

Lakini ina jambo moja ambalo sikulitegemea. Unaiinamia, macho yako yako kifuani mwako, humwelekezei mtu kitu usoni. Wauza samaki wa feri, Mtwara mjini, walionifukuza nilipoenda na ile dijiti yenye lenzi kama bomba, safari hii walikuja wenyewe kuchungulia. "Kumbe ni TV!" akasema mmoja, akawaita wenzake. Picha nne kati ya zile 12 zilitoka. Nane fokasi imepotea, maana kwenye filamu kubwa ukifungua tundu la lenzi, pua ikiwa kali masikio yameshayeyuka.

Hii kamera kubwa iliyompiga fundi mashua ni Intrepid, ya mbao, inatengenezwa Brighton, Uingereza. Ni nyepesi kuliko unavyodhani. Uzito uko kwenye stendi. Mbele lenzi ya milimita 150, katikati mivukuto kama ya mfua vyuma, nyuma kioo cha ukungu. Unajifunika kitambaa cheusi ndipo uone, nami natumia kaniki ya bibi. Humo ndani dunia iko kichwa chini, miguu juu, na joto la mchana wa Mikindani utadhani umeingia tanuri. Watoto wameshaniita Bwana Kaniki.

Nikaipeleka Boma, lile la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo siku hizi ni hoteli. Unakumbuka dijiti, ukiiinua kidogo mnara unaanguka kwa nyuma, halafu unakaa kuunyoosha kwenye kompyuta? Hapa kamera unaiacha wima, unapandisha ubao wa lenzi peke yake. Mnara unaingia wote na kuta zinasimama. Na ufukweni, maji yakitoka, ukiulaza ubao huo mbele kidogo, fokasi inalala juu ya mchanga kuanzia kamba iliyo miguuni pako mpaka mashua ya mwisho. Kanuni hiyo ina jina la Mwaustria mmoja, Scheimpflug. Sijathubutu kulitamka mbele za watu.

Hasara ninazo pia. Filamu hizi ni vipande kimoja kimoja; holda moja, yaani kibebeo bapa kisichopitisha mwanga unachokichomeka nyuma ya kamera, inabeba viwili, kila upande kimoja na kifuniko chake. Kipande cha kwanza nilisahau kuvuta kifuniko, nikapiga picha ya kifuniko. Cha pili nilikivuta huku lenzi iko wazi, kikaungua chote. Cha tatu na cha nne nilivipakia mchana kwenye ule mfuko mweusi wa mikono, mikono ikatoka jasho, dole gumba langu likatokea angani juu ya bahari, kubwa kuliko jahazi. Sasa napakia usiku bafuni, kanga zimeziba chini ya mlango. Hata taa nyekundu hairuhusiwi, hiyo ni kwa karatasi tu. Unapapasa vile vipengo pembeni mwa filamu: vikiwa juu kulia, uso wenye dawa unakutazama. Mbu wanajua kabisa kwamba huwezi kuwapiga.

Maji ndiyo vita vyenyewe. Vitabu vyote vinasema nyuzi 20. Bomba langu likifungwa siku nzima linatoa 29. Nanunua barafu kwa wauza samaki, naitia kwenye beseni, trei zinakaa humo. Kushuka hadi 20 ni ndoto, nimeridhika na 24. Dawa ya kusafishia ikiwa kali kwenye joto hilo dakika zinakuwa chache mno na picha inatoka na mabaka, kwa hiyo naizimua, kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji. HP5, filamu ninayotumia, inayotaka dakika 13 kwa nyuzi 20, mimi naitoa kama kwenye tisa. Suuza ya mwisho maji ya chupa, maana kisima chetu kina chumvi na kila tone likikaukia hapo linaacha alama.

Rudi kwa fundi. Ilinichukua dakika ishirini kumpanga chini ya mkungu. Hakuuliza bei wala kazi gani, aliendelea na tezo lake mpaka nilipomwambia, "Mzee, hapo hapo, usitikisike." Robo sekunde, shata ikalia tik. Nikarudisha kifuniko, nikatoka kwenye kaniki, nikaanza kukunja stendi. Mzee bado amesimama, kifua kimejaa pumzi.

"Nipumue?"

Nikamwambia samahani sana, pumua.

Pilau ya nyumbani bado inatoka kwenye dijiti, usiogope. Ile moja niliyobaki nayo inapiga harusi, na siku nyingine naitumia kupimia mwanga kabla sijachoma kipande. Na wale wanaosema filamu ina "roho" wananichosha. Wakapakie usiku bafuni ndipo tuongee roho. Lakini kila harusi sasa naenda na holda mbili, vipande vinne. Kimoja ni cha mama wa bibi harusi, na anakipata kikiwa karatasi.

Kwa hiyo Desemba nitakuja tupige harusi zote ulizochukua, ila useme mapema kwa wenye harusi kwamba kutakuwa na mtu ndani ya kaniki.

Ombi langu: yule ndugu yako anayerudi kutoka Ujerumani, mpe hela anichukulie boksi moja la filamu ya FP4 la inchi 4 kwa 5. Awaombe watu wa uwanja wa ndege walikague kwa mkono, zile mashine mpya za kuskani mizigo zinaunguza filamu. Na ukilituma kwa basi, mpe kondakta alikalie yeye mwenyewe kitini. Kwenye buti usithubutu, litafika limeiva. Ongeza na thamometa, yangu jana imeangukia kwenye barafu ya samaki.

Fundi anataka nakala mbili nyingine, moja ya mwanawe aliyeko Lindi.

Wasalaam,
Swahiba wako, Bwana Kaniki