Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu hapa tumekulia mchicha wa bonde la Msimbazi. Mama huuosha maji matatu, akaupika kwa nazi. Ila risasi na kadimi, metali zenye sumu, zilizopandia mizizini hazitoki kwa kuosha. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya metali katika mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Viwango vya kimataifa vinataka risasi isizidi miligramu 0.3 kwa kilo ya mboga za majani. Kiasi hicho ulimi hauwezi kukionja.

Njia ya kupima metali hizo tuliyofundishwa kwanza ni kuchemsha mboga iliyokaushwa katika asidi kali ya naitriki. Moshi wa kahawia hupanda na kukaba koo, kisha mabaki yanatafutiwa pa kumwagwa. Sinki la maabara yetu linaelekea mtaroni, na mtaro unaelekea mtoni. Hilo lilitunyima raha.

Ndipo mwalimu wetu akatufundisha njia ya ukungu. Mboga hutikiswa kwa mawimbi ya sauti ndani ya asidi iliyozimuliwa. Kisha hutiwa dawa ya kushika metali na matone ya Triton X-114, kitu cha jamii ya sabuni. Joto likifika nyuzi 23 hadi 25, maji huanza kufanya weupe kama yaliyooshewa mchele. Joto la Dar es Salaam karibu linatosha lenyewe. Sisi huongeza kidogo kwa maji moto. Sabuni hujikusanya chini ikiwa imebeba metali, bila hata tone la klorofomu, kiyeyushi chenye sumu.

Tumejaribu kwa myeyusho wa shaba. Tuliuacha utuame usiku kucha, na asubuhi tukakuta tone la kahawia chini ya mrija, maji ya juu yakiwa maangavu. Tulishangilia mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia.

Kwa mchicha bado tumekwama. Hatuna beseni la mawimbi ya sauti, wala mashine ya kusoma kiasi cha risasi. Tunaomba utusaidie kupata beseni hilo, na utuombee maabara itakayotusomea sampuli zetu.

Mchicha tumeshaukausha. Umo katika bahasha 12, kila moja ina jina la bustani na tarehe ya kuchumwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.