Kwa walimu vijana wa Lubumbashi: wino mwekundu na kitenzi -kaa

Wanangu,

Madaftari ya watoto yanarudi nyumbani yamejaa wino mwekundu, na mwingine si wa haki. Mtoto wa mtaa wetu wa Katuba anayesema “kuikala” badala ya “kukaa” hajaharibu neno. Hiyo l ni ya kale. Katika Kiswahili sanifu ilidondoka kati ya irabu mbili, kama ilivyodondoka katika njaa, ambayo Kilingala kinaita nzala hadi leo. Hata huko sanifu haijapotea kabisa. Ongeza kiambishi, inarudi: kaa, kalia, zaa, zaliwa, kataa, kataliwa. Hapo kanuni haiwaangushi.

Kauli ya kutendesha ndiyo inayowanasa. Zamani, l ilipokutana na kiambishi cha kutendesha iligeuka z: lala, laza, jaa, jaza, kataa, kataza. Kwa hesabu hiyo kaa ingetoa kaza, na zaa ingetoa zaza. Wapi! Tunasema kalisha na zalisha. Kaza ina kazi yake tayari: mtu hukaza kamba. Lakini tazameni majina yaliyotoka katika kaa na zaa: mkazi, makazi, mzazi, uzazi. Yote yana z. Basi msimwambie mwanafunzi kwamba zaa “haifuati kanuni”. Mwonyesheni umbo lipi linafuata na lipi limekataa.

Sahau nayo ina ukaidi wake. Imetoka Kiarabu, haikuwa na l mwishoni, lakini imejiunga na akina nunua, nunuliwa: tunapata sahauliwa, sahaulika. Dharau vivyo hivyo. Samehe, Mwarabu mwenzao, inaishia kwa e na haikuwafuata: samehewa.

Kila kitenzi kipeni ukurasa wake. Andikeni kutendea, kutendwa, kutendesha, kisha majina yaliyozaliwa nacho. Msimuulize mtu, “Je, mnasema zaza?” Atawaitikia kwa adabu tu, na mtaandika uongo. Mpeni sentensi aimalize: mama alijifungua, na mkunga ndiye aliyem…? Ulizeni watu watatu, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, andikeni maumbo yote pamoja na mtaa mlikoyasikia, Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) au Ruashi au kwingineko. Kamusi ifunguliwe baada ya hapo, si kabla, maana ukishaiona huwezi tena kusikia.

Kitenzi -vaa kiacheni mwisho. Kina valia, valisha, vika, visha na vazi, na kitawamalizia asubuhi nzima.