Barua kwa mwanangu anayechora jalada la albamu

Mwanangu,

Salamu kutoka Kisumu, sote hatujambo. Nimeutazama mchoro ulionitumia, ule wa jalada la bendi ya hevi metali. Mkono wako umekomaa, lakini yule mpanda farasi mwenye kofia ya pembe na macho mekundu ana mwenyewe. Ni wa mchoraji Mmarekani Frank Frazetta, aliyemchora mwaka 1973, na mwaka 1978 akatokea kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya Molly Hatchet ya Florida. Kumbadilishia shoka ukampa rungu hakumfanyi awe wako. Frazetta alifariki mwaka 2010, na sheria yetu ya hakimiliki hulinda mchoro kwa miaka 50 baada ya msanii kufa. Hesabu hiyo inakufikisha mwisho wa 2060.

Kibali kinaweza kununuliwa, ila kina mitego. Bendi ya Sepultura walitamani mchoro mmoja wa mchoraji Michael Whelan uliochorwa kwa ajili ya vitabu vya Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha, lakini kampuni yao ya rekodi ikawapa bendi ya Obituary, ukatumika kwenye albamu yao Cause of Death ya 1990. Sepultura walipata lile fuvu jekundu la Whelan huyo huyo kwa Beneath the Remains ya 1989, na kwangu mimi fuvu ndilo bora kati ya hayo mawili. Kwa hiyo mkataba wenu useme wazi kwamba bendi nyingine haitapewa mchoro huo, kibali ni cha miaka mingapi, na kama fulana zimo. Mkisahau fulana mtarudi kulipa tena.

Mnaotaka bila kulipa, tafuteni wachoraji wa zamani. Bendi ya Bathory walichukua kazi ya Mnorwe Peter Nicolai Arbo ya 1872 kwa albamu ya Blood Fire Death, na bendi ya Candlemass wakachukua ya Thomas Cole kwa Nightfall. Wachoraji hao wawili walikufa karne ya 19, kwa hiyo hakimiliki yao imekwisha.

Cha kuazima kwa kina Frazetta ni namna ya kuupanga mchoro. Michoro mingi ya aina hii ilichorwa kwa majalada ya vitabu, na mchoraji aliacha anga juu ili jina la kitabu lipate pa kukaa. Ndiyo maana nembo ya bendi hukaa hapo vizuri. Tatizo ni kwamba kitabu ni kirefu na jalada la albamu ni mraba. Mchoro wa 2 kwa 3 ukiukata uwe mraba, theluthi nzima inakwenda, na mara nyingi ni anga hiyo hiyo. Anza na mraba tangu mwanzo: hadibodi ya sentimita 60 kwa 60, rangi nyeupe ya msingi mipako mitatu, na msasa laini kila mpako ukikauka. Robo ya juu iwe ya giza tulivu. Nembo za metali zina miiba mingi, ukiziweka juu ya mawingu yenye vurugu hazisomeki.

Sasa, kwa nini umwendee Frazetta wakati Luanda Magere, shujaa wa ngano za Wajaluo, yupo? Mwili wa jiwe, uhai kivulini. Mweke jua nyuma yake, kivuli kije mbele kumwelekea mtazamaji, na mkuki uwe umechomwa kwenye kivuli, si kwenye mwili. Jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, kivuli hurefuka karibu mara sita ya kimo cha mtu. Huku kwetu hiyo ni mnamo saa kumi na mbili jioni. Nenda uwanda wa Kano, simamisha mtu, piga picha haraka, kwa sababu baada ya nusu saa hivi mwanga umekwisha. Kitakachokusumbua ni mwili kuwa mweusi tii hadi jiwe lisionekane. Usikimbilie nyeupe. Mpe ukingo mwembamba wa rangi ya chungwa upande wa jua, na buluu hafifu ya anga kwenye mabega. Ngozi ya jiwe ichunguze Kit Mikayi, yale mawe makubwa karibu na Kisumu, kwenye nyufa na ile mikwaruzo ya kijivu.

Gawanya kazi katika viwango vitatu vya giza (giza, kati na mwanga) kabla hujagusa rangi, kisha itazame kwenye simu ikiwa ndogo kama ukucha. Kivuli kisipoonekana hapo, rudia.

Piga picha ya mwisho kabla ya vanishi, kwani vanishi huakisi mwanga wa taa na kuharibu picha. Taa mbili, kila moja nyuzi 45 kutoka ubavuni. Jalada la santuri ya inchi 12 linataka takriban pikseli 3,700 kila upande, pamoja na milimita 3 za ziada kila ukingo kwa ajili ya kukatwa. Na uangaze kidogo sehemu zisizo nyeusi sana wala nyeupe sana, kwa kuwa wino hunywewa na karatasi na weusi wa kwenye skrini huzama ukichapwa. Daima omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote.

Nitumie vile viwango vitatu kwanza, tuvizungumze kabla hujafungua rangi.

Baba yako